Siti laini imenitesa kuliko ngumu: tusaidiane kuchagua siti ya baiskeli

#1 Mwendapole

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Tegeta hapa Dar es Salaam, kazini kwangu ni Mwenge. Tangu Januari nimeachana na daladala, naenda kwa baiskeli, kama kilomita 13 kwenda na 13 kurudi, siku tano kwa wiki. Miguu haina shida, pumzi ipo, jua nimelizoea. Kinachonishinda ni siti.

Baiskeli ni ya mtumba, ya gia, fremu ya alumini, usukani umenyooka. Ilikuja na siti nyembamba nyeusi, ngumu kama ubao. Wiki ya kwanza hata kiti cha ofisini nilikuwa nakikalia kwa upande. Nikaenda Kariakoo nikamwambia muuzaji anipe iliyo laini kuliko zote alizonazo. Akanitolea moja pana, sponji nene, springi mbili nyuma. Nikaibonyeza kwa dole gumba, likazama lote. Nikalipa 35,000 na kuondoka nimeridhika kabisa.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa raha tupu. Kuanzia wiki ya pili mambo yakageuka. Nikifika Africana njiani, huku mbele, sehemu za siri, panaanza kufa ganzi. Nasimama juu ya pedali, ganzi inaachia. Nakaa tena, baada ya dakika kumi imerudi. Mapaja nayo kwa ndani yamechubuka kwa kusuguana na kingo za siti. Huu ni mwezi wa nne sasa na nimeanza kuogopa, kwa sababu juzi ganzi ilibaki mpaka nimeshaoga.

Sitaki kurudi kwenye daladala. Naomba ushauri wa mtu aliyepitia hili, si wa kukisia.

#2 KijanaWaGia

Pole sana mkuu. Tafuta kava ya jeli, unaivalisha juu ya hiyo hiyo siti na kufunga kamba chini. Mimi ninayo, Jumapili naenda nayo ufukweni na kurudi, sijawahi kulalamika.

#3 FundiKeria

Mdogo wangu Mwendapole, kabla hujatoa hela nyingine nisikilize kwanza. Usiongeze ulaini juu ya ulaini.

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda changu kiko Shinyanga mjini. Huku baiskeli ndiyo daladala yenyewe: abiria anapanda kwenye keria, analipa nauli, anapelekwa. Tazama kitu kimoja siku ukipita huku. Kwenye keria utakuta mto wa sponji umeshonewa kitambaa cha maua, kwa sababu abiria anakaa robo saa na kushuka. Siti ya dereva mwenyewe, anayeikalia tangu alfajiri mpaka usiku, utaikuta ngumu, imezungushiwa vipande vya tyubu, hakuna mto. Wale vijana mto wanao, wangeweza kuuhamisha. Hawauhamishi.

Sababu ni hii. Kaa kwenye ngazi ya saruji, ingiza viganja vyako chini ya makalio. Utaigusa mifupa miwili iliyochongoka, mmoja kila upande. Hiyo ndiyo inayotakiwa kubeba uzito wako. Ikikuta kitu kigumu kiasi, inasimama juu yake, na nyama ya katikati, yaani msamba, inabaki inaning'inia bila mzigo. Ikikuta sponji nene, inazama. Ikizama, sponji ya katikati ambayo haijabonyezwa na mfupa inabaki juu, inasukuma msambani. Kumbe unakalia pale pasipotakiwa kukaliwa. Ganzi yako inatoka hapo.

Dole gumba linakudanganya dukani. Linapima sponji, halipimi mwili wako ukikaa nusu saa.

KijanaWaGia hajasema uongo, kwa safari yake jeli inatosha. Wewe unakaa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

#4 Rift_Pedali

Salamu kutoka Nakuru. Fundi amesema ukweli mtupu. Niongeze jambo ambalo wauzaji wengi hawakuulizi: upana wa mifupa yako ni sentimita ngapi? Bila hiyo namba unanunua kiatu bila kujua saizi ya mguu.

Huhitaji mashine. Chukua kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani, kikubwa cha kukutosha kukaa. Kiweke juu ya ngazi ya saruji au benchi la mbao lisilo na mto. Vaa kitu chepesi. Kaa, inua visigino ili magoti yapande kidogo, kisha inama mbele kadiri unavyoinama ukishika usukani. Hesabu polepole mpaka 30, usijisogeze. Simama. Boksi litakuwa na vibonde viwili. Kama huvioni vizuri, laza chaki ubavu uipitishe juu kwa wepesi: karatasi yote itapata rangi isipokuwa kwenye vibonde. Weka alama katikati ya kila kibonde, pima kutoka alama hadi alama.

Wengi huangukia kati ya sentimita 10 na 15. Kwa mtu wa usukani ulionyooka kama wako, ongeza kama sentimita 2 au zaidi kidogo. Huo ndio upana wa siti wa kuanzia. Siti unaipima sehemu yake ya nyuma, pale palipo pana kuliko pote. Lakini angalia pia umbo la juu. Kuna siti zimeinuka katikati na kuteremka kwenye kingo kama mgongo wa ng'ombe, na pale kwenye mteremko mfupa haukai, unateleza. Kwa hizo, upana unaotumika ni mdogo kuliko ule unaousoma kwenye rula.

Fanya hivyo mara tatu, na kila mara kipande kipya cha boksi. Halafu utuletee namba.

#5 Mwendapole

Nimepima usiku huu huu kwenye ngazi ya baraza, na boksi la maji ya kunywa. Mara ya kwanza nimepata 12.3, ya pili 12.6, ya tatu 12.5. Watoto wamenisimamia pembeni wakishangaa.

Kisha nikapima siti. Ile nyembamba iliyokuja na baiskeli ina sentimita 13, na kingo zake zimeteremka kweli kama alivyosema Rift_Pedali. Ile ya sponji ina sentimita 25.

Kwa hiyo nilitoka kwenye siti ambayo mifupa yangu ilikuwa inakanyaga ukingoni kabisa, nikaruka moja kwa moja mpaka siti ambayo ni karibu mara mbili ya upana ninaouhitaji. Sikuwahi kujua kwamba kuna kitu kati ya hizo mbili. Niliona dunia ina siti ngumu na siti laini tu.

#6 MzeeKamba

Wanangu, hamjambo. Mnazungumza sponji na jeli, na mimi naona kuna siti mmeisahau: ya ngozi.

Marehemu baba alikuwa na baiskeli ya Raleigh, mimi nilianzia kwenye Swala, na sasa nina umri wa kutosha kuwaambia kwamba ile Raleigh ya baba bado ipo na siti yake ni ile ile. Ngozi nene moja, imeshikwa nyuma na mbele kwa ribiti, katikati chini yake hakuna kitu, hewa tupu. Aliyewahi kulala kwenye kitanda cha kamba ataelewa haraka. Kitanda cha kamba hakina godoro, lakini kikiwambwa vizuri kinakupokea mgongo. Siti ya ngozi nayo imewambwa hivyo. Mwezi wa kwanza ni ngumu mno, sitawaficha. Baadaye pale mifupa inapokaa panafanya vibonde viwili, vyako wewe na si vya mtu mwingine. Baba hakupenda mtu aazime baiskeli yake, na nilipokua nikajua kwamba ilikuwa ni kwa sababu ya siti.

Chini ya pua, ile ncha ya mbele ya siti, kuna nati. Ngozi ikilegea unaikaza kidogo, robo mzunguko, kama unavyokaza kamba za kitanda. Ukiikaza kila wiki unaiua, inapasuka kwenye ribiti.

Kampuni ya Brooks ya Birmingham, Uingereza, ndiyo yenye jina kubwa kwa siti hizi. Mwanzilishi wake, John Boultbee Brooks, alianza mwaka 1866 akitengeneza vifaa vya ngozi vya farasi, na mwaka 1882 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake, ya siti ya baiskeli. Inasimuliwa kwamba farasi wake alikufa, akaazima baiskeli, na kilichomuudhi ni pale pa kukalia. Mtu wa matandiko ya farasi akaliona tatizo kwa macho ya matandiko. Hata sisi neno letu la kamusi ni lile lile, tandiko, la punda na la baiskeli. Siti yao wanayoiita B17 imekuwa ikitengenezwa tangu miaka ya 1890 na mpaka leo inauzwa.

#7 Mwendapole

Shikamoo mzee. Hiyo ya kitanda cha kamba imeniingia, bibi alikuwa nacho. Ila nauliza, mvua za masika hapa Dar si zitaimaliza?

#8 MzeeKamba

Marahaba mwanangu. Mvua ikiikuta ukiwa umeikalia na ngozi ikalowa mpaka ndani, itanyooka kama chapati na hairudi. Kwa hiyo mfuko wa nailoni uwe umekunjwa chini ya siti siku zote. Ikilowa, iache ikauke kivulini, usiikalie, usiianike juani. Na mara chache kwa mwaka unaipaka mafuta yake maalumu, upande wa juu na hasa wa chini ambao hauna rangi.

#9 FundiKeria

Mzee wetu kasema yote, sina la kupunguza kuhusu ngozi. Ila kwa kijana anayeegesha nje ofisini, siti ya ngozi mpya ya jina kubwa inaweza kuzidi bei ya baiskeli yenyewe, na mwizi anaijua. Nikipata ya zamani kwenye baiskeli chakavu naitunza, lakini kwanza naikunja ukingo kwa vidole. Ikitoa mlio wa kukauka na mistari ya nyufa, basi imekwisha, hata mafuta ya dunia nzima hayairudishi.

#10 NesiWaTanga

Nimekuwa nasoma kimya, lakini ile ya ganzi kubaki mpaka ameshaoga imenifanya niandike. Mimi ni muuguzi, na ni mwanamke ninayepanda baiskeli kila siku. Tanga kwetu tambarare, baiskeli ni miguu yetu.

Kaka Mwendapole, tenganisha vitu viwili. Maumivu ya mifupa, yaani pale pawili pa nyuma panauma ukikaa, ni jambo la kawaida kwa mtu mpya au mtu aliyebadilisha siti. Wiki mbili, tatu, yanapungua. Ganzi si jambo la kawaida, wala si la kuzoea. Kuna mshipa wa fahamu unaitwa pudenda, unapita upande wa ndani wa ile mifupa ya kukalia, kushoto na kulia, unaelekea msambani na sehemu za siri. Mishipa ya damu inafuatana nao. Siti ikibonyeza pale, mshipa unabanwa na damu inapita kwa shida. Ganzi ni mwili unakwambia shuka. Ukishuka na ikaisha ndani ya dakika chache, rekebisha siti. Ikikaa masaa, au ukaona mkojo unauma au una damu, au mambo ya ndoa yamebadilika, usisubiri majibu ya hapa, nenda kituo cha afya ukaseme bila aibu. Tunasikiliza habari hizi kila siku, hakuna atakayekushangaa.

Sasa niseme na dada zangu, maana mijadala hii hutuacha nje. Kwa wastani mifupa yetu ya kukalia iko mbali zaidi kuliko ya wanaume, ndiyo maana siti iliyokuja na baiskeli ya kaka yako inakuumiza pembeni. Lakini usinunue siti kwa sababu ina ua na rangi ya waridi. Pima boksi. Mimi nimepata 14, dada yangu wa tumbo moja amepata 11 na nusu.

Mbele ndiko wengi wetu tunakoumia. Tafuta siti yenye mfereji au tundu refu katikati, na pua fupi. Mfereji uwe na kingo laini. Nimewahi kukalia moja yenye tundu lenye kingo kali na ikanikata vibaya kuliko ile isiyo na tundu. Pua fupi ina faida nyingine, dera halinasi ukishuka haraka. Na jambo dogo ambalo nililigundua mwenyewe: geuza suruali ya jinsi nje ndani, tazama katikati. Mishono minne inakutana sehemu moja, imefanya fundo gumu kama punje ya mahindi. Hilo fundo umelikalia. Nilibadilisha suruali tu na nusu ya shida yangu ikaisha.

#11 Mkongwe_wa_Njia

Mimi naona mnakuza mambo. Babu zetu walipakia gunia la mkaa kwenye Phoenix wakatembea kilomita 40 na siti ya chuma. Ni mazoea. Avumilie mwezi mmoja zaidi.

#12 NesiWaTanga

Kaka yangu, kwa heshima, hapana. Babu aliyepakia gunia la mkaa, vilimani alishuka akasukuma. Na alikaa wima, usukani umerudi nyuma karibu na tumbo, kwenye siti pana ya springi. Huyu anakaa ameinama. Kuvumilia maumivu ya mifupa, sawa. Kuvumilia ganzi miezi minne, hapana, na sitanyamaza kwenye hilo.

#13 KaskaziniMbali

Nesi amegusa jambo nililotaka kulisema: mkao. Nasoma Utrecht, Uholanzi, na hapa karibu kila mtu yuko juu ya baiskeli, wazee kwa watoto. Nilipofika nilishangaa kuona siti pana zenye springi, zile zile ambazo nyumbani tunaambizana hazifai. Hazisumbui, kwa sababu baiskeli ya Kiholanzi inakukalisha wima kama uko kwenye kiti cha kulia chakula. Ukiwa wima, uzito wote unashuka kwenye mifupa ya nyuma, palipo pana. Mikono haibebi kitu.

Ukianza kuinama, nyonga inazunguka kwenda mbele, na unaacha kukalia ile sehemu pana. Unahamia kwenye mifupa inayokwenda mbele ikikaribiana, kama herufi V. Kwa hiyo anayeinama sana anahitaji siti nyembamba kuliko yeye yule yule akikaa wima. Nyonga ile ile, mtu yule yule, ila siti tofauti.

Kaka Mwendapole, simama pembeni ya baiskeli utazame: usukani uko juu ya siti, sawa na siti, au chini yake?

#14 Mwendapole

Uko chini ya siti, kama vidole vitatu hivi.

#15 KaskaziniMbali

Basi siti ya sentimita 25 haikutengenezwa kwa mkao huo. Mapaja yanapita wapi? Ndiyo michubuko yako hiyo. Tafuta ya 14 na nusu mpaka 15.

#16 FundiKeria

Sawa, sasa tufike kwenye spana, maana siti nzuri iliyofungwa vibaya ni siti mbaya. Nimeona watu wanabadilisha siti tatu na kosa lilikuwa nati moja.

Anza na mlalo. Weka baiskeli mahali pasawa, azima pima maji kwa fundi ujenzi, lilaze juu ya siti kutoka nyuma hadi kwenye pua. Liwe sawa. Kama bado unabonyezwa mbele, shusha pua kidogo sana, kiasi kwamba mtu akiangalia kwa mbali haoni. Ukishusha sana unateleza mbele siku nzima, mikono inakusukuma nyuma, na viganja vinaanza kufa ganzi. Unakuwa umehamisha ugonjwa.

Urefu. Egemea ukuta, panda, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande ule. Ukirudisha unyayo wa mbele kwenye pedali, goti linabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo. Siti ikiwa juu mno, kiuno kinacheza kushoto kulia kila mzunguko, na hicho kinasaga ngozi kama jiwe la kusagia. Ikiwa chini mno, miguu haibebi kitu, mzigo wote unaangukia makalioni. Watu wengi mjini wanashusha siti ili miguu yote miwili ifike chini wakisimama kwenye taa. Jifunze kushuka mbele ya siti ukisimama. Siti ibaki juu.

Mbele na nyuma. Siti inakaa juu ya reli mbili za chuma na kibano kinazishika. Legeza, sogeza, kaza. Kibano kishike sehemu iliyonyooka tu ya reli; ukikikaza pale reli inapoanza kupinda, itavunjika siku usiyoitarajia. Pedali zikiwa zimelala, goti la mbele liwe karibu juu ya ekseli ya pedali. Funga uzi na nati ndogo kama timazi, ushushe kutoka gotini. Si sheria ya Musa, ni mahali pa kuanzia.

Kitu kimoja kwa siku. Usishushe, ukasogeza, ukainamisha pamoja, halafu ukashindwa kujua kilichosaidia ni kipi. Zungushia bomba la siti utepe mdogo pale lilipokuwa, ili uweze kurudi.

Na kabla ya kununua, angalia kibano. Kwenye baiskeli za Phoenix na Avon na Hero, siti inakuja na kibano chake chenye meno, kinavaa bomba lililonyooka. Kwenye baiskeli za gia kama yako kibano ni sehemu ya bomba. Siti nyingi mpya zina reli tu. Ukilazimika kubadili bomba, pima kwa vernia, kile kipimo chenye taya mbili: 27.2 milimita na 25.4 ndizo ninazokutana nazo zaidi, lakini zipo nyingine, na ukikosea kwa hata nusu milimita itazama au haitaingia. Watu wanazungushia kipande cha kopo la soda. Kwa nafasi ya unywele, sawa. Kwa milimita mbili, usijaribu. Bomba lina alama ya mwisho iliyochongwa. Usilivute mpaka ionekane.

#17 Mwendapole

Fundi, nimeazima pima maji kwa jirani. Pua ilikuwa imeinuka. Kiputo kilikimbilia upande wa pua chote. Nilivyoipokea dukani walinifungia, nikapanda nikaondoka, sikuwahi kuitazama kwa ubavu. Miezi minne nimekuwa nakalia mteremko unaonisukumia pua msambani.

Nati mbili za kibano, moja ilikuwa imelegea kabisa.

#18 Rift_Pedali

Haya, umeshapata chanzo. Wakati unatafuta siti, nikupe ya mavazi, fupi. Mimi Jumamosi nikiwa na nafasi hutoka Nakuru hadi Naivasha, kilomita zaidi ya 60, na kaptula yenye padi ndiyo inayonifikisha. Inavaliwa bila chupi. Ukivaa chupi ndani umerudisha mishono ambayo padi ilikusudiwa kuiondoa. Ifuliwe kila ukiitumia, ikauke kabisa. Sehemu inayosuguana paka mafuta ya mgando. Kwa kilomita 13 za kwenda kazini unaweza kuivaa ndani ya suruali ya kawaida.

Pia inuka juu ya pedali kila baada ya dakika kumi hivi, hata kama hujasikia ganzi. Hesabu hata mizunguko ishirini. Nawe Dar una matuta ya barabarani yanayokukumbusha.

#19 Mwendapole

Narudi na mrejesho. Nilisubiri wiki tatu zipite ili nisije na furaha ya siku moja.

Nilianza na siti ile ile ya sponji, nikaiweka sawa kwa pima maji na kukaza nati. Ganzi ikasogea kutoka Africana mpaka karibu na Lugalo, mbele zaidi njiani. Haikuisha, lakini nilishangaa nati mbili zinaweza kufanya hivyo bure. Kisha nikazunguka kwa wauza mitumba Jumamosi mbili nikiwa na rula mfukoni. Siti nyingi nilizopima zilikuwa 13 au 20 na zaidi. Ya tatu kutoka mwisho, kwenye beseni la vipuri vilivyochanganyika na cheni, nikapata moja ina 14.8, juu iko bapa, mfereji katikati, sponji nyembamba ngumu kiasi. Nilipoibonyeza kwa dole gumba haikuzama hata nusu ya kucha. Muuzaji akaniambia hiyo ngumu bosi, chukua hii laini. Nikachukua ngumu, 15,000.

Wiki ya kwanza mifupa iliuma, hasa Alhamisi na Ijumaa. Nilikumbuka maneno ya Nesi nikavumilia. Wiki ya pili nilipandisha siti milimita tano kwa sababu goti lilikuwa linakunjika sana. Wiki ya tatu, Jumanne, nilifika Mwenge, nikafunga baiskeli, nikapanda ngazi ofisini, nikakaa mezani, na ndipo nikakumbuka kwamba njia nzima sikuiwaza siti. Ganzi imekwisha. Hata hivyo nilikwenda kupimwa kama Nesi alivyosisitiza, na daktari amesema hakuna tatizo.

Ile ya sponji sikuitupa. Kuna mama jirani ana baiskeli ya Kijapani yenye kikapu, anakaa wima kabisa, anaipeleka sokoni asubuhi na kurudi, kilomita mbili hazifiki. Nilimfanyia kipimo cha boksi na mumewe akishuhudia, nikamfungia, nikaiweka sawa kwa pima maji. Anasema hajawahi kukaa vizuri hivyo.

Asanteni wote. Mzee Kamba, nikipata ya ngozi isiyo na nyufa nitakutafuta unielekeze kuiwamba.

#20 FundiKeria

Hongera mdogo wangu. Huyo mama mwambie baada ya wiki mbili uzikaze nati za springi upya, zile za nyuma chini. Huwa zinalegea zikianza kubeba mtu mpya.